Munaanzaka namna gani kuandika mu grupu yenye batu mingi?

kuku_wa_ndosho (Goma)

Salamu kwenu bandugu. Niko na swali, na tafazali musinijibu tu "jitie moyo" juu hiyo kila mutu wa nyumbani ameshaniambia na haijanisaidia.

Dada yangu mukubwa alinitia mu grupu moja ya WhatsApp ya bafugaji wa kuku. Ni kubwa, batu banapita mia sita, bengine bako hapa Goma, bengine Bukavu, Beni, Butembo, kuko hata benye bako Kampala. Nasomaka kila kitu. Asubuhi mbele ya kuwasha makala nasoma, usiku nikishalaza batoto nasoma, najua mpaka nani anauzishaka chakula ya kuku pale soko Virunga na nani anabishaka kila wakati. Lakini mimi mwenyewe sijaandika hata "asante". Nikitaka kuuliza kitu naandika, narudia kusoma, nafuta, naandika tena, nabadilisha salamu, naweka "samahani" mbele, naiondoa, kisha mutu anatuma odio ya dakika mingi juu ya jambo ingine na naona nafasi yangu imeshapita.

Niseme wazi yenye inaniogopesha. Kifaransa kwanza. Bale bakubwa ba grupu, kuko baveterinere (madokta ba mifugo), kuko ba maprojè, banaandika Kifaransa ya masomo na mimi shule niliachia njiani juu ya feza, naelewa wanasema nini lakini nikiandika makosa itakuwa. Tena naogopa kuuliza kitu yenye ilishaulizwa zamani. Na yenye inapita zote, naogopa niandike batu mia sita basome na hakuna mutu ajibu. Nishaona inafikia bengine, mutu anauliza vizuri kabisa, chini yake banaanza kutuma matangazo ya mayai na foto za maua za kutakiana siku njema, swali yake inazama na hakuna mwenye anarudi kuitafuta. Mimi ikinifikia vile nitasikia haya mpaka kusoma kwenyewe nitaacha.

Sasa hivi niko na shida ya kweli mu bifaranga yangu na najua mu ile grupu kuko mutu anajua dawa. Jirani ananiambia niende tu kwa duka ya dawa ya mifugo, lakini kule banakuuzishia yenye iko mu etajere, hawaulizi hata kuku iko na wiki ngapi. Nyinyi benye munaongeaka mu magrupu, mulianza namna gani? Ile mesaji ya kwanza kabisa, munaandikaka nini ndani?

yaya_bagira (Bukavu)

Mudogo wangu habari ya Goma. Nimesoma yote mpaka mwisho, na hapa umeandika mingi bila kusimama na kila kitu nimeelewa, njo kusema kuandika unajua, kule kwa grupu hakuna uandishi ingine tofauti na hii.

Nianze na ile ya kukosa jibu juu naona njo inakukamata kabisa. Swali mingi zenye zinazama hazizame juu mwenye kuuliza ni mutu mudogo. Zinazama juu mwenye kujua jibu anakosa pa kushikia. Mutu anaandika "Salamu famii, kuko mwenye anajua mambo ya kuku kuugua?" Sasa waza ule veterinere, iko ndani ya taksi anatoka Nyawera anaenda Panzi, amebakiza mega kidogo, anasoma ile. Ili akusaidie inabidi akuulize ni kuku ya nyama ao ya mayai, iko na umri gani, inaugua namna gani, umeshatoa dawa gani. Anaona ni safari ndefu, anasema nitajibu nikifika, anafika, batoto banamukimbilia, anasahau. Hakukuzarau, umemupa kazi kubwa mbele ya kumupa habari.

Basi weye mupe habari yote mara moja. Fasi uko, kuku ni ngapi, wiki ngapi, shida imeanza lini, unaona nini kwa macho yako, umeshafanya nini, kisha swali moja. Moja tu, nakuomba. Ukiuliza dawa na chakula na chanjo na bei pamoja, kila mutu atajibu yenye inamufurahisha na yenye ulikuwa unataka itabaki bila mutu. Na swali yenyewe iwe ya kumuuliza mutu yenye aliona na kufanya, "mulifanya nini ilipowafikia?", juu hapo hata mwenye hana diploma iko na kitu ya kusema na anajibu haraka.

"Samahani" ikae moja, ao isikuwe kabisa. Salamu nzuri inatosha.

Na kuko njia ingine ya kuanza yenye batu hawahesabuake kama kuanza, ni kujibu. Umesema unajua nani anauzisha chakula pale Virunga. Mu grupu ya kuku hiyo swali inarudi karibu kila wiki, nakuapia. Siku mutu anaiuliza, andika mustari moja: "Iko soko Virunga, jana nilinunua mufuko kwa bei hii." Hakuna mukubwa atakupinga juu ya bei yenye umelipa na feza yako. Jina yako itaonekana, batu batasema kumbe kuko na huyu, na kesho yake ukileta swali yako hauko tena mugeni. Bengi tulipitia pale.

mwanafunzi_himbi (Goma)

Habari dada. Nasoma saikolojia hapa mjini na ile hofu ya macho ya watu mia sita imechunguzwa sana, wacha niseme kidogo labda itakupunguzia uzito.

Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake wa chuo kikuu cha Cornell kule Marekani walichapisha utafiti wao. Walimvalisha mwanafunzi fulana yenye picha kubwa ya mwimbaji Barry Manilow, kitu ambacho vijana wa pale wangeona haya kuvaa, wakamwingiza chumbani ambako wenzake wamekaa, kisha akatoka na kuulizwa ni wangapi wameona nani yuko kwenye fulana. Waliovaa walidhani karibu nusu ya chumba. Walioona kweli walikuwa kama robo. Sasa wewe unaogopa herufi moja ya Kifaransa uliyokosea, usiku mzima utaiona wewe peke yako, wale wengine wamefungua simu wakitafuta bei ya mayai.

Halafu hiyo ya kwamba wewe ni msomaji tu na huandiki, usijione kama mtu mwenye kasoro. Jakob Nielsen aliandika mwaka 2006 kwamba kwenye makundi ya mtandaoni kwa kawaida asilimia 90 wanasoma tu, asilimia 9 wanaandika mara moja moja na asilimia 1 ndio wanaojaza karibu kila kitu. Ni kipimo cha jumla, kila kundi lina namba zake, lakini piga hesabu kwenye grupu yako: wale wakubwa unaowaogopa pengine ni watu sita hivi. Umekuwa ukiwaogopa sita ukidhani ni mia sita.

Lakini hofu ya kukosa jibu, hapo nakubaliana nawe ipo na ina sababu yake. John Darley na Bibb Latané walifanya jaribio lao maarufu, lilichapishwa mwaka 1968: mtu anasikia kwenye spika mwenzake wa chumba kingine ameshikwa na kifafa. Aliyeamini ni yeye peke yake anayesikia alikimbia kutafuta msaada, asilimia 85 walifanya hivyo kabla sauti haijakatika. Aliyeamini kuna wengine wanne wanasikia naye, ikashuka mpaka asilimia 31. Kila mtu anasema moyoni mwingine atafanya. Grupu ni hivyo hivyo, ukiuliza "wote" umeuliza hakuna mtu. Kwa hiyo baada ya swali lako weka alama ya @ na uite mmoja au wawili uliowahi kuwasoma wakijibu jambo kama hilo: "dokta fulani, mwezi uliopita ulimsaidia mtu wa Beni, tafadhali nisomee na hii." Sasa swali lina mwenyewe.

Na kitu kidogo cha kiufundi ambacho kinaumiza watu bure. Kwenye grupu ya WhatsApp zile tiki mbili hazigeuki buluu mpaka kila mmoja wa wanachama awe amefungua. Mtu mmoja simu yake imezimika kule kijijini, tiki zako zinabaki kijivu. Ukitaka kujua nani amesoma, bonyeza mesaji yako kwa muda, fungua sehemu ya maelezo, utaona majina, kama wasomaji hawajafichisha hiyo sehemu. Usikae kuhesabu rangi.

Na mwisho nikukumbushe kitu cha hapa kwetu. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 volkano ya Nyiragongo ilipotoka usiku, na tarehe 27 tulipoambiwa kartie kumi zihame na watu wakajaza barabara ya Sake na mpaka wa Gisenyi, mu grupu ya avenyu yetu waliandika watu ambao hatujawahi kuona majina yao. Mama aliandika "Mutoto wa miaka saba shati ya njano hatumuoni, tuko Sake kwa kanisa", bila salamu, bila Kifaransa, na watu wakajibu sekunde hiyo hiyo. Hakuna aliyesoma makosa yake, wote tulisoma mtoto. Nawe wale watu mia sita watasoma vifaranga vyako.

papa_kadutu (Bukavu)

Jameni salamu. Mimi ni admini wa grupu ya kartie na ingine ya bazazi, acha niseme yenye inaonekana upande wa huku, juu batu mingi banaogopaka admini kama polisi.

Mama wa Ndosho, mbele ya kuandika fungua kile kioo cha kutafuta ndani ya grupu, andika neno moja yenye inagusa shida yako, sema "damu" ao "kuharisha" ao "mabawa", utaona kama ilishaulizwa. Ukiikuta na jibu inakufaa, haukuhitaji kuuliza. Ukiikuta na yako ni tofauti, hapo njo umepata mwanzo muzuri kabisa: "Nimesoma ile jibu ya mwezi uliopita juu ya kuharisha, lakini yangu iko na damu." Admini akisoma vile anafurahi kuliko kitu yote, juu anaona huyu mutu alisoma. Na ile hofu yako ya pili imeisha.

Saa pia, munisikilize. Kama asubuhi ile mutu ametangaza kifo mu grupu, ngoja. Kwetu hapa kila mutu ataandika pole, moja moja, mpaka jioni, na swali ya kuku pale katikati itazama na tena itaumiza wenye matanga. Kesho iko. Vilevile saa za katikati ya mchana batu bako mu kazi, bako mu soko, na kama ni siku umeme haiko simu zinalala. Mimi naona majibu mingi zinafika kuanzia saa kumi na mbili ya jioni mpaka saa tatu ya usiku.

Makosa ya maandishi: WhatsApp tangu 2023 inakuacha urekebishe mesaji ndani ya dakika 15, itabaki tu alama ndogo ya kusema imerekebishwa. Usikimbilie kufuta. Ukifuta kwa wote inabaki ile alama ya mesaji iliyofutwa na batu mingi banakuja kuuliza ulikuwa umesema nini, yaani ukitaka kujificha njo unaonekana zaidi.

Na kitu moja nataka nisiipite, juu tunaongea ujasiri ujasiri. Kuko magrupu zenye kunyamaza ni akili. Hizi siku za vita mu miji yetu, grupu yenye imegeuka ya siasa na ya kutukana kabila za batu, usitafute ujasiri wa kuanza maneno pale, toka. Simu yako inaweza kuangaliwa na mutu haujui. Ujasiri uutumie kwa kuku, kwa shule ya batoto, kwa maji ya kartie, kule kunajenga.

kuku_wa_ndosho (Goma)

Aksanti sana yaya, aksanti muzee, na weye kaka wa Himbi ile ya tiki sikuijua kabisa, nilikuwa naona za bengine kijivu nasema grupu imewapuuza.

Papa, sasa nikuulize. Siwezi kumwandikia kwanza admini pa pembeni, nimuelezee, ye mwenyewe aniulizie? Naona ingekuwa nyepesi.

papa_kadutu (Bukavu)

Hapana mama. Admini iko na mesaji za pembeni mingi kuliko bile unawaza, ya kwako itangoja. Na akikuulizia, watajibu yeye, na watakuuliza maswali kupitia yeye, habari itafika kwako imeshabadilika. Andika mwenyewe.

mama_katuba (Lubumbashi)

Papa nakuheshimu lakini kwa wanamuke si kila siku vile. Mi niko ku Lubumbashi, ku Katuba, tuko na grupu ya bamama ba kushona nguo na ingine ya kuuzisha yenye iko na babaume mingi ndani. Mwanamuke akiandika paka swali moja pale, nusu saa kuko babaume batatu pembeni, "salamu mrembo, nimeona swali yako". Hiyo njo inafungaka bamama mingi midomo na hakuna mutu anaisema, banasema tu bamama bako na haya. Kwa hiyo kama admini ni mutu wa kuheshimika, ao ni mwanamuke, kumuandikia mbele kwamba "mama nitaweka swali leo jioni, uniangalilie" si mbaya. Si ili akuulizie, hapo papa anasema kweli. Ni ili kukuwe mutu mwenye anajua uko pale na atajibu wa kwanza, juu jibu ya kwanza ikishaingia zingine zinafuata.

Na kwa bale ba pembeni mi nafanyaka hivi: naingia mu mipango ya WhatsApp, foto yangu naiacha ionekane kwa bale niko na namba yao tu. Mutu akiniandikia pembeni juu ya swali ya grupu, namujibu mara moja, "Aksanti, uniandikie mule mu grupu ili na bengine basome." Mwenye alikuwa na jibu ya kweli anarudi mu grupu anajibu. Mwenye hakuwa na jibu ananyamaza. Imenisaidia sana na sijagombana na mutu.

Sasa Kifaransa. Dada, mi hii inaniuma. Katiba yetu ya 2006, ibara ya kwanza, inasema Kifaransa ni lugha ya serikali na papo hapo inataja lugha za taifa ine, Kikongo, Lingala, Kiswahili na Kiluba cha kule Kasai. Radio Okapi tangu 2002 inatangaza mu hizo lugha zote pamoja na Kifaransa, habari nzito nzito, na hakuna mutu anasema mutangazaji wa Kiswahili hakusoma. Juu ya nini kuku iulizwe Kifaransa? Mu grupu yetu ya kushona tulikuwa vile vile, batu wanne banaandikiana Kifaransa na bengine wote kimya, mpaka siku mama mmoja mtu mzima akaandika Kiswahili ya Katuba kabisa, namna ya kukata kola ya shati imemushinda. Siku ile ile waliandika bamama benye nilikuwa nawaza hata simu zao zimeibiwa. Na wale wanne ba Kifaransa njo walimujibu, mu Kiswahili, juu na wao ni batoto ba hapa. Walikuwa banaandika Kifaransa juu kila mutu alikuwa anawaza mwenzake njo anaitaka.

Kama kuandika inakushinda kabisa, sema na odio. Bonyeza kile kidude cha kurekodi, ukisukume juu kijifunge, ongea, sikiliza mbele ya kutuma, kama haikufurahishi unaitupa hakuna mwenye anajua. Fupi lakini.

yaya_bagira (Bukavu)

Mama Katuba umesema yenye ilitakiwa kusemwa. Kwa odio tu sikubali sana. Mwenye mega kidogo hawezi kuifungua, mwenye iko kazini hawezi kuisikiliza, na kesho mutu akitafuta na kile kioo papa alisema, odio haionekani kabisa, jibu zote zitapotea na yenyewe. Odio ni nzuri kwa kushukuru, ao kwa kumuelezea mutu moja. Swali uiandike. Kiswahili yako ya hapa inatosha.

kuku_wa_ndosho (Goma)

Basi nimeandika, musome mbele nitume. Munikosoe bila kunihurumia:

"Bonjuru kwa wote, samahani kuwasumbua, mimi ni mugeni kidogo mu grupu lakini nasomaka sana, naomba musinicheke. Niko na bifaranga ambayo inaugua na sijui ni nini, bengine bamekufa, nilibadilisha chakula pia, tena nilitaka kujua chanjo ya Newcastle inatolewa wiki ya ngapi na kama kuko mutu anauzisha mashini ya kuangulisha Goma. Mungu awabariki."

yaya_bagira (Bukavu)

Mudogo wangu, ndani yake kuko mesaji tatu. Chanjo iache ya wiki ijayo, mashini ni ya siku ingine. Ondoa "kuwasumbua", ondoa "musinicheke", hakuna mwenye alikuwa na mupango wa kukucheka na sasa umemupa wazo. Na ile "inaugua" haituambie kitu. Niambie hapa kama unaniambia mimi dada yako: asubuhi ukifungua mulango ya nyumba ya kuku, unaona nini?

kuku_wa_ndosho (Goma)

Naona bimekaa pamoja mu pembe, mabawa imeshuka, macho bimefunga nusu, manyoya imesimama. Mavi iko na damu, kwanza ilikuwa rangi ya matofali kisha ikakuwa damu kabisa. Ni arobaini, bitano bimekufa tangu juzi. Biko na wiki tatu na siku kidogo. Chini niliweka maranda ya seremala lakini mvua ya wiki hii iliingia upande moja na pale pembeni ya chombo cha maji palikuwa palilowana.

yaya_bagira (Bukavu)

Sasa ndiyo hiyo. Usiguse kitu, weka salamu juu na swali chini:

"Salamu kwenu wafugaji. Niko Goma, Ndosho. Niko na bifaranga 40 bya wiki tatu, 5 bimekufa tangu juzi. Binakaa mu pembe, mabawa chini, manyoya imesimama, mavi iko na damu. Mvua iliingia, maranda ililowana pembeni ya maji. Sijatoa dawa bado. Mwenye ilimufikia hii alifanya nini ya kwanza?"

Jina la ule dokta uliite mwisho.

mufugaji_kabare (Kabare)

Nimepita tu hapa lakini kwa hiyo siwezi kunyamaza, dada tuma leo leo usingoje jioni, na wakati unangoja majibu anza kazi.

Kwa umri huo, na damu, na maranda yenye kulowana, mimi nawaza koksidiozi mbele ya kitu ingine yote. Inaletwa na kimelea kinaitwa Eimeria, kinakaa ndani ya matumbo, kinatoka na mavi, na kinapenda pale chini kukiwa na unyevu na joto. Bifaranga binapiga domo pale chini, binakimeza, inazunguka vile vile. Njo maana dawa peke yake haitoshi. Ondoa maranda yote yenye imelowana, si kugeuza juu chini, ondoa ukatupe mbali, weka kavu. Chombo cha maji kiinue kifike usawa wa mgongo wa kifaranga ili wasimwage na wasitie mavi ndani. Benye banaonekana wagonjwa uwatenge.

Dawa yenye inatumika sana inaitwa amprolium, iko ya poda ya kuchanganya mu maji ya kunywa. Kipimo fuata ile ya paketi yenye utanunua, juu nguvu zake hazifanane, na siku hizo usiwape maji ingine pembeni. Kwa duka taja jina, sema amprolium, usiseme "dawa ya kuku", watakupa oxytetracycline, ile antibiotiki, juu njo inajaa mu etajere na hiyo si ya kazi hii.

Lakini kitu moja angalia vizuri mbele ya kununua. Kama mavi ni meupe ya maji maji na damu haiko, hapo waza Gumboro, na yenyewe inapenda wiki tatu mpaka sita. Ni virusi, haina dawa ya kuiponyesha, ni chanjo tu ya mbele. Kwa hiyo piga foto ya mavi mchana, nje, pa mwangaza, si usiku na taa ya simu juu rangi inadanganya, uiweke chini ya ile mesaji yako. Veterinere akiona foto anajibu haraka kuliko maneno. Na ukiwa na kimoja kimekufa asubuhi ya leo usikitupe bado, anaweza kukuambia ukipasue na uangalie matumbo.